Kasha Lililozidi Uzito

Shangazi yangu hana tabia ya kuomba kitu na kueleza sababu, kwa hiyo aliponijia dukani asubuhi moja ya Jumamosi akitaka kuazima mizani, nilijua kuna jambo na nilijua sitaambiwa. Mimi nauza dawa. Mizani yangu ni ndogo, inakaa juu ya kitambaa cheupe, na inasoma mpaka sehemu ya kumi ya gramu. Haitoki nje ya duka. Nilimwambia hivyo.

"Kwa nini haitoki?"

"Kwa sababu ni mizani ya dawa, Shangazi, si mwamvuli."

"Nitairudisha kabla ya adhuhuri."

"Unaenda kupima nini?"

"Zawadi," akasema, akageuza uso pembeni.

Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa akitumia mizani ya muuza nyanya wa mtaani kwetu. Mizani ya yule bwana inajulikana. Ukiiwekea nyanya moja inakupa hesabu ya mbili. Shangazi aliivumilia miezi mitatu, kisha akaona bora aje kunibembeleza.

Mimi ni mbea. Nasema mwenyewe kabla hamjanisema. Nilimwachia mwenzangu funguo za kabati, nikaipakata mizani kifuani, nikatoka. "Inapokwenda na mimi naenda," nikamwambia. Akanitazama kutoka utosini hadi kwenye kandambili, akaanza kutembea bila kunisubiri.

Kwa asiyemjua, shangazi ni dada wa baba yangu, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka tisa. Alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye kiwanda kinachopiga sarafu. Hakuwa upande wa mashine; alikuwa chumba cha kufungashia. Zipo sarafu za kununulia chumvi, hizi mnazozijua, ambazo hutiwa kwenye magunia kama maharage. Na zipo nyingine ambazo hazinunui kitu. Hizo hupigwa chapa mara mbili kwa bamba lililosuguliwa, uso wake ukang'aa mpaka mtu aweza kujichunguza jino, kisha zikapangwa tano tano kwenye kasha la mahameli na kuuzwa kwa maofisi yanayotafuta kitu cha kumpa mstaafu aweke juu ya kabati. Kiwandani waliziita vioo.

Kioo hakishikwi kwa kidole. Kidole cha mtu, hata awe ametoka kuoga sasa hivi, kina chumvi na mafuta, na fedha haisahau. Leo huoni kitu; baada ya mwaka mistari yote ya kidole inajitokeza pale kama imechorwa, na ukijaribu kuisugua unaongeza mikwaruzo. Kwa hiyo walivaa glavu za pamba, wakashika sarafu kwa ukingo, na hawakuruhusiwa kuongea ikiwa wazi, maana hata tone la mate lisiloonekana huacha doa. Chumba kizima cha watu wazima wakizungumza kwa nyusi!

Kazi hiyo ilimwingia shangazi mwilini. Mpaka leo anashika sahani kwa ukingo, picha kwa ukingo, biskuti kwa ukingo. Akitaka kusema neno mezani anageuza uso kwanza, hata mgeni akadhani anaongea na dirisha. Mtaani wanamwita Glavu. Nilipokuwa mdogo, nikigusa kioo cha kabati au uso wa saa, alikuwa ananipigia kelele neno moja tu, "Kidole!" Nadhani nililisikia mara nyingi kuliko jina langu.

Nyumba ya kwanza tuliyokwenda siku hiyo ilikuwa ya dereva mstaafu. Shangazi akatoa daftari la shule kwenye pochi, akauliza kwa heshima zote kama mzee bado anacho kile kikasha cha sarafu alichopewa alipostaafu, na kama tungeweza kukipima. Mzee akafurahi kupata wageni. Kasha likaletwa, limejaa vifungo vya shati na betri kuukuu. Sarafu moja ilikuwa imewekwa chini ya mguu wa meza ili isiyumbe.

"Iko imara sana," dereva akaisifia. "Tangu niiweke pale meza haijatikisika."

Shangazi alishika ukuta. Nilijikaza nisicheke mpaka mbavu zikaniuma. Akaandika kitu kwenye daftari, akaaga, na kule nje akapumua kama mtu aliyetoka kuona maiti.

Nyumba ya pili kasha lilikuwa zima, halijafunguliwa, lakiri yake ikiwa mahali pake. Nikawasha mizani, nikaliweka. Gramu mia nne na kumi na mbili. Shangazi akatikisa kichwa, akaandika, tukaondoka. Hapo uvumilivu wangu ukaisha. Nilikaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa, nikaiweka mizani mapajani.

"Bila maelezo hii inarudi kazini, Shangazi. Unatafuta nini?"

Akakaa karibu yangu, akageuza uso upande wa barabara, akaanza.

Kiwandani walikaa wawili wawili. Mwenzake alikuwa mwanamke wa rika lake aliyeitwa Chafya, kwa sababu mahameli ina vumbi na pua yake haikuelewana nalo hata siku moja. Akianza hapigi chafya moja, anapiga tatu. Walikuwa chanda na pete hawa wawili, wakila sahani moja na kushona kitambaa kimoja. Kazini Chafya alikaa kushoto. Alikuwa anatandika sponji chini ya kasha, kisha anapanga sarafu tano kwenye kitanda, ndivyo walivyouita ule ubao mwembamba wa mahameli wenye matundu matano. Shangazi alikaa kulia. Alikuwa anavuta kasha lenye sponji, anatumbukiza kitanda kilichokwisha kujaa, anaweka cheti, anafunga, anabandika lakiri yenye namba, na mwisho analivalisha kasha koti la karatasi lenye kidirisha cha kusomea namba ya lakiri. Katikati yao vilikaa vitanda viwili vitatu vilivyo tayari, ili asimsubiri mwenzake.

Sasa, chumba kile kilikuwa na sheria nyingi, lakini hapa zinatuhusu mbili. Ya kwanza, kioo hakiguswi na meza. Ya pili, ukijisikia kupiga chafya, weka ulichoshika, geuka, piga, halafu nenda kabadilishe glavu. Kila moja kwa upande wake ni sheria nzuri. Siku hiyo, miaka kumi na tisa iliyopita, Chafya alikuwa ameshika ile sarafu kubwa ya fedha, ya gramu ishirini na nane, pua ikamwasha. Mezani hairuhusiwi. Tundu lake kwenye kitanda linataka kulengwa, na chafya haimngoji mtu alenge. Kitu laini kilichokuwa karibu kilikuwa sponji ya kasha tupu. Akailaza humo, akageuka, akapiga zake tatu, akaenda kwenye droo ya glavu kule mlangoni. Aliporudi, kasha halipo.

"Alilivuta nani?" nikauliza.

"Mimi."

Msimamizi aliitwa. Kasha likishabandikwa lakiri halifunguliwi. Likifunguliwa cheti kinachanwa na vyote vilivyomo vinarudi kuyeyushwa. Siku hiyo yalikuwa yameshafungwa makasha mia mbili, na gari la kuyachukua lilikuwa nje. Msimamizi akamuuliza shangazi swali moja: uliona sarafu ndani ya kasha lolote? Shangazi akasema hakuona. Gari likaondoka. Chafya akapekuliwa mpaka nywele zikafumuliwa, sarafu isionekane, na bado akafukuzwa. Jina la mwizi likatangulia kufika mtaani kabla yeye mwenyewe hajafika.

"Mbona hawakuyapima hayo makasha?"

"Pale tulikuwa watu wa kuhesabu, mwanangu. Kupima hakuna aliyekufikiria. Hata mimi sikukufikiria mpaka nimestaafu, nimekaa nyumbani sina la kufanya." Akafungua daftari. Namba alizokuwa akizitafuta zilianzia elfu nne mia mbili na moja na kuishia elfu nne mia nne. Miaka sita alikuwa amezipata kumi na saba, kwa kuulizauliza kwenye misiba, kwenye foleni za wastaafu, popote. "Kasha la kawaida ni mia nne na kumi na mbili, likizidi gramu mbili ni unyevu wa karatasi. Likizidi ishirini na nane, ndilo."

"Na huyo Bi Chafya yuko wapi siku hizi?"

"Unamjua. Ni yule fundi cherehani wa kona ya posta."

Kona ya posta shangazi huvuka barabara. Huvuka kabla hajaifikia, huvuka tena akishaipita. Nikiwa mtoto nilidhani anamkwepa mbwa, kwa kuwa kulikuwa na mbwa pale. Mbwa alikufa zamani, na shangazi aliendelea kuvuka, na mimi mbea wa kujisifu sikuwahi kuuliza. Sare yangu ya kidato cha pili ilishonwa kwenye duka lile. Shangazi alinituma peke yangu, nikapimwa mabega na fundi aliyejaza pini mdomoni, nikarudi nyumbani kumsifia.

Tangu hapo mizani ikawa inatoka kila Jumamosi. Shangazi hakuwa na haja tena ya kunibembeleza. Mimi ndiye niliyekuwa namwamsha. Tulipima kwa daktari wa meno, tukapima kwa karani wa mahakama, tukapima kwa mjane aliyetukaribisha chai na kutuonyesha albamu nne za picha. Mia nne na kumi na moja. Mia nne na kumi na tatu. Nilianza kuota tarakimu.

Jumamosi ya tano tukafika kwa mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mnyoofu kama rula, mwenye sebule isiyo na vumbi. Kasha lake lilikuwa kwenye kabati la vioo, ndani ya mfuko wa nailoni, na utepe wa siku aliyopewa bado umefungwa. Alilitoa kwenye mfuko yeye mwenyewe. Shangazi akasoma namba kwenye lakiri: elfu nne mia tatu na kumi na saba. Nikaweka mizani mezani, nikasubiri itulie, nikaliweka kasha juu.

Mia nne arobaini, na nukta tatu.

Niliondoa kasha, nikairudisha mizani kwenye sifuri, nikaliweka tena. Mia nne arobaini, nukta tatu. Shangazi alikaa chini bila kukaribishwa, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

"Kuna nini?" Mwalimu akauliza. "Limeoza?"

Tukamweleza. Shangazi alieleza vizuri, bila kutia chumvi, na akamalizia: "Iko chini ya kitanda, Mwalimu, upande wa kulia, karibu na bawaba. Nakuomba turuhusu tulifungue."

"Hapana," Mwalimu akasema. "Wajukuu wamelilia hili kasha, sikulifungua. Mwanangu alitaka kulipiga picha, sikulifungua. Niliambiwa siku likifunguliwa thamani yake imekwisha."

Shangazi hakubisha. Wafungashaji ndio waliowafundisha watu maneno hayo, kwa hiyo angebishana na nani? Lakini mimi sikuwahi kufunga kasha hata moja.

"Mwalimu, shikamoo tena," nikasema. "Umewahi kuona kilichomo ndani?"

"Picha yake iko hapa juu ya koti."

"Hiyo ni picha ya kasha lingine. La kwako hujawahi kuliona. Umepewa zawadi miaka kumi na tisa iliyopita na hujui ulipewa nini."

Alinitazama kwa lile jicho ambalo nina hakika lilinyamazisha madarasa. Kisha akaligeuza kasha, akalitikisa sikioni polepole, kama watoto wanavyofanya. Halikutoa sauti. Nikaona midomo imemcheza.

"Nimefundisha watoto wasikubali jambo kabla ya kuangalia," akanung'unika. "Sawa. Lakini sivunji lakiri kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Mleteni huyo mwenzenu. Jumamosi ijayo, saa nne."

Tulitoka. Nilikuwa nachekacheka peke yangu kwa furaha, mpaka tukafika nusu ya njia, swali likanijia. Nikasimama.

"Shangazi. Umesema upande wa kulia, karibu na bawaba. Umejuaje?"

Aliendelea hatua tatu, nne, akasimama na yeye. Hakugeuka.

"Kitanda kilicheza," akasema. "Nilipokitumbukiza, pembe ya kulia ilikataa kukaa. Sheria ni ukitoe, uangalie, umwite msimamizi. Dereva alikuwa anapiga honi. Nikaweka dole gumba, nikakibonyeza mpaka kikakaa. Nilidhani sponji imejikunja."

"Ulijua lini kwamba si sponji?"

"Jioni ile ile. Nilikuwa nafunika sufuria, kifuniko kikacheza mkononi. Nikajua pale pale jikoni."

"Na asubuhi hukusema."

"Asubuhi alikuwa ameshafukuzwa. Ningesema nilibonyeza, tungefukuzwa wote wawili. Wewe ndiyo kwanza ulikuwa unaingia sekondari."

Heri asingelisema hilo la mwisho. Nilikasirika, na sijui nilimkasirikia nani. Nilimkasirikia yeye kwa kunyamaza, kisha nikajikasirikia kwa sare ile niliyoivaa miaka mitatu, iliyoshonwa na mtu yule yule, mabega yakinikaa sawasawa. Msimamizi alimuuliza kama aliona, na kweli hakuona. Alihisi tu, kwa dole gumba. Miaka kumi na tisa alikuwa amejificha ndani ya neno moja la msimamizi.

"Utamwambia?" nikauliza.

Akaanza kutembea, na tulipoikaribia kona ya posta, miguu yake ikaelekea ng'ambo ya barabara kwa mazoea. Nikamshika mkono. Tukaenda moja kwa moja.

Bi Chafya alikuwa kwenye cherehani, amezungukwa na magauni ya shule, pini mdomoni. Alituona mlangoni. Akazitoa pini moja moja, akizichoma kwenye kimto, bila haraka yoyote.

"Umepotea njia, Glavu? Upande wako ni ule kule."

"Tumelipata kasha," shangazi akasema.

Hakuuliza kasha gani. Mguu wake uliacha kukanyaga, gurudumu likazunguka kidogo lenyewe, likasimama.

"Mmelifungua?"

"Bado. Mwenyewe anataka uwepo. Jumamosi, saa nne."

"Atafungua nani?"

"Mimi."

Bi Chafya akachoma pini ya mwisho. "Basi nitakuja. Safari hii nataka niiangalie mikono yako."

Ndiyo yote waliyosema. Njiani nilimuuliza shangazi mbona hakumwambia lile la dole gumba. Akasema atamwambia sarafu ikiwa wazi. Nikamkumbusha kwamba sarafu ikiwa wazi hairuhusiwi kuongea. Akasema anajua.

Jumamosi ile Mwalimu alikuwa ameisogeza meza mpaka dirishani, kwenye mwanga, na kutandika taulo jeupe bila kuambiwa na mtu. Shangazi alileta jozi mbili za glavu, zimefuliwa na kupigwa pasi. Akavaa moja. Ya pili akaisukuma mbele ya mwenzake. Bi Chafya aliiangalia, akaiacha palepale.

Nimeona watu wakifungua vitu vingi, lakini sijaona mtu akifungua hivyo. Alifungua utepe bila kuukata, akaukunja. Akalishika koti kwa viganja viwili, akalishusha polepole, karatasi ikitoa pumzi. Akapitisha wembe chini ya lakiri, akaibandua nzima, namba ikabaki inasomeka. Kisha akafungua kifuniko, na harufu ya gundi na mahameli ya miaka kumi na tisa ikatujia sote usoni.

Bi Chafya akageuka ukutani, akapiga chafya tatu.

Hakuna aliyecheka, ingawa nilitamani. Alijifuta pua kwa kitambaa, akarudi kwenye nafasi yake, kushoto. Bila kujua, walikuwa wamekaa walivyokuwa wakikaa.

Sarafu tano zilikuwa mahali pake, zinang'aa kiasi kwamba Mwalimu alirudisha kichwa nyuma. "Kumbe," akasema kwa sauti ndogo, "kumbe zina samaki." Miaka yote hakujua; kwenye picha ya koti zilionekana kama nukta tu. Shangazi alikishika kitanda kwa ukingo, akakiinua. Kiligoma kidogo upande wa kulia, kikatoka.

Ilikuwa pale, karibu na bawaba. Ilikuwa imezama kwenye sponji, na sponji imeshika umbo lake. Shangazi akaiinua kwa vidole viwili, ukingo kwa ukingo, akaigeuza kwenye mwanga. Upande uliolala chini ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya rangi. Upande wa juu ulikuwa safi, kama imetoka kupigwa chapa leo.

Akailaza kwenye taulo. Hakugeuza uso, alimtazama mwenzake usoni, sarafu ikiwa wazi katikati yao.

"Sikuiona," akasema. "Lakini niliihisi. Kitanda kilicheza, nikakibonyeza. Nilijua jioni ile ile. Nikanyamaza."

Bi Chafya aliitazama ile mikono yenye glavu.

"Nilifika mahali," akasema, "nikawa najiuliza kama kweli niliiweka kwenye kasha. Unanisikia? Niliambiwa mno mpaka nikaanza kufikiri labda niliichukua kweli, nikasahau nilikoificha. Nilipekua nyumba yangu mwenyewe, Glavu. Nilipasua godoro langu, natafuta sarafu ambayo wewe ulijua iko wapi."

Shangazi alikuwa analia, na machozi yalikuwa yanadondoka kwenye taulo, karibu kabisa na kioo, na hakugeuka.

Ndipo Bi Chafya aliponyoosha mkono. Mkono mtupu, wenye alama za sindano. Akaichukua sarafu kwa kuikamata, akaigeuza upande ule safi, akaweka dole gumba katikati ya uso wake.

"Kidole!" shangazi akapiga kelele, kisha akajiziba mdomo kwa glavu zote mbili.

Bi Chafya hakuondoa kidole. Alikibonyeza mpaka ukucha ukawa mweupe. "Miaka kumi na tisa wanasema niliigusa," akasema. "Sasa nimeigusa."

Akairudisha kwenye taulo. Pale katikati ya mng'aro palikuwa na ukungu mdogo wenye mistari, na sisi wote wanne tuliuinamia kuutazama. Mwalimu, ambaye hawezi kuliacha swali likae, akauliza: "Sasa hii ya sita ni ya nani?"

"Ya kiwanda," Bi Chafya akajibu, akichukua mkoba wake. "Jumatatu tunairudisha, mimi na huyu. Tutaipitisha getini, tutaipandisha mpaka kwa mkubwa wao wa sasa. Mimi nitasimama tu." Akamgeukia shangazi. "Wewe ndiye utakayeongea."

Jumatatu nilichelewa kufungua duka. Nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara, mbea kama kawaida yangu, nikitazama geti la kiwanda. Walifika kwa miguu, upande mmoja wa barabara, mmoja amebeba kifurushi kwenye kitambaa cheupe. Mlinzi alitoa daftari la wageni, akafungua mdomo kuwauliza shida yao. Shangazi alikuwa ameshaanza kuongea.